Mwisho wa Upande wa Pili

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Mwenyekiti amenibembeleza tangu kikundi chetu hiki cha wafiwa kianze kukutana hapa Nyamirambo, na kila mara nilimwambia nina mafua. Leo mafua yamekwisha.

Wengi mnanijua kama yule mwenye nywele ndefu aliyekuwa akipiga makelele kwenye baa za mtaa huu. Ni kweli. Nilikuwa mwimbaji wa bendi ya roki nzito, na jirani yangu mmoja, yuko hapa na anacheka, alikuwa akihamisha mbuzi wake tukianza mazoezi. Mke wangu yeye alikuwa wa kwaya. Aliniambia, "Wewe unaimba kama mtu aliyekanyagwa mguu." Nilimpenda kwa hilo pia.

Mwaka wa tisini bendi ikavunjika. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini, baa zinafungwa mapema, na sisi wenyewe tulikuwa hatusalimiani tena. Nikasema basi, nitaimba peke yangu, nyimbo za polepole, gitaa moja tu. Mke wangu akakubali kuniitikia. Mwaka uliofuata tukarekodi albamu nzima, yeye yupo nyuma yangu kila wimbo, na ule wa mwisho kiitikio ni chake peke yake. Tukatoa kaseti, tukampelekea mfanyabiashara mmoja wa Muhima atuuzie.

Ndugu zangu, nawaambia, hakuna hata aliyegeuza shingo. Wapenzi wa roki walisema nimezeeka. Wapenzi wa nyimbo za taratibu walisema, huyu si yule kichaa? Redioni hawakuipiga. Mke wangu akanicheka, akasema tutarekodi nyingine.

Hatukurekodi nyingine. Malaria ilimpanda kichwani, akaenda. Hapo sina maneno mengi, na nyinyi hamyahitaji.

Nilibaki na kaseti moja. Niliisikiliza asubuhi, niliisikiliza mchana, na jioni niliisikiliza nikiwa na chupa. Mwenye redio kuukuu anajua mwisho wake. Utepe ulilegea, sauti ya mke wangu ikawa nzito kama ya mwanamume, halafu siku moja redio ikaumeza. Niliuvuta kwa vidole ukakatikakatika. Nilikaa sakafuni nimeuweka mapajani, nikaona kwamba ni mimi niliyemmaliza kwa kumsikiliza. Niliumia kuliko siku ya mazishi.

Nikakimbilia studio. Ule utepe mkubwa tuliorekodia walikuwa wameshaufuta, wakautumia kwa kazi nyingine. Nikaenda Muhima.

"Kaseti zako?" mfanyabiashara akasema. "Ziliisha zote, mzee."

Nikamwuliza, "Kumbe watu walizipenda?"

"Walipenda bei. Kaseti tupu iko ghali sana siku hizi. Wanaziba kwa karatasi vile vitundu vya juu vinavyozuia kurekodi, wanarekodi mambo yao."

Akanitajia wachache aliowakumbuka. Nikawazungukia mmoja mmoja. Kwa huyu, juu ya albamu yangu kulikuwa na matangazo ya mpira. Kwa yule, harusi ya dada yake. Kwa mwingine, mahubiri. Zote nilizisikiliza mpaka mwisho, mke wangu hayumo, na kila nikitoka nilipitia baa.

Akabaki mukecuru mmoja wa Gisozi, bibi anayeishi peke yake. Kaseti yake ilinunuliwa na mwanawe, dereva wa lori, ambaye kabla ya safari ndefu alimrekodia mama salamu. Hakurudi kutoka safari hiyo. Mimi nilifika pale nanuka pombe. Mukecuru akanitazama, akasema, "Rudi ukiwa mtu," akafunga mlango.

Nilirudi kesho yake nimeoga, sijaonja kitu. Nikamweleza habari za mke wangu. Akatoa redio chini ya kitanda.

Kijana alikuwa akimkataza mama yake kubeba maji, akimwahidi kumbadilishia mabati. Akacheka, akaaga. Kitufe kikalia. Halafu, kwenye utepe aliouacha bila kurekodia, mwisho wa upande wa pili, likaja gitaa langu, na mke wangu akaimba kiitikio chake mpaka utepe ukaisha.

Nililia mbele ya mtu nisiyemjua. Yeye hakushangaa.

"Huyo mwanamke ninamjua," akasema. "Kila jioni, mwanangu akimaliza kusema, yeye anaingia. Sijawahi kumzima. Nilikuwa nasema, angalau kijana hayuko peke yake mle ndani."

Na mimi miaka yote nilidhani albamu ile haikusikilizwa na mtu.

Nilimwomba nikaitoe nakala. Akakataa. "Na mashine yako ikiimeza?" Akairudisha redio chini ya kitanda. "Wewe njoo Jumapili. Ihangane, vumilia, mwanangu."

Basi Jumapili naenda. Mlangoni ananinusa kama askari wa forodha, na akisikia pombe hafungui. Hivyo ndivyo nilivyoacha, kwanza Jumamosi, halafu siku nyingine zikafuata. Hakuna malaika aliyenishukia.

Msidhani nimepona. Utepe umeanza kulegea, tunausikia wote wawili. Mukecuru ameziacha zile jioni zake zote ili udumu, siku hizi anamsikiliza mwanawe Jumapili tu, tukiwa pamoja. Sijui nitamlipa nini. Ninamshukuru huko aliko, magoti yamemzuia kuja. Ninawashukuru nyinyi mlionipikia wakati sikustahili hata kufunguliwa mlango. Na kama nina la kuwaambia, ni hili: usijifungie ndani na marehemu wako. Pengine yuko mtu mwingine anayemkumbuka kila jioni, nawe humjui. Mtafute.

Mwenyekiti ameniomba niimbe ule wimbo wa mwisho. Nitaimba, bila makelele. Nikifika kwenye kiitikio nitanyamaza. Msipige makofi, na msidhani nimesahau maneno. Mngojeni amalize, halafu nitaendelea.