Nani Ameuza Prosesa ya Kaka?

KINYOZI: Haloo! Haloo! Shemeji, unanipata?

NESI: Nani mwenzangu? Simu inakwaruza.

KINYOZI: Mdogo wake mumeo. Au marehemu ulimzika pamoja na sauti zetu?

NESI: Aa, shemeji. Salama? Saluni inaendaje?

KINYOZI: Haiendi. Ile kompyuta ya kaka uliyonipa baada ya msiba —

NESI: Ina nini?

KINYOZI: Wewe ndiye wa kuniambia! Nimeiweka hapa wateja wacheze mpira wakisubiri kunyolewa. Mtu anapiga shuti, mpira unaganda hewani, anameza mate mara mbili ndipo unaendelea. Wananicheka mpaka povu la kunyolea linawaingia mdomoni.

NESI: Si mtandao huo?

KINYOZI: Hapa tunacheza bila mtandao! Shemeji, kaka alijinyima akanunua prosesa, ubongo wa kompyuta, ya kore nane. Nane! Ni kama saluni ya vinyozi wanane. Mimi naona wawili tu wanafanya kazi.

NESI: Sasa mimi na vinyozi wako —

KINYOZI: Umeuza ile nzuri ukaniwekea kimeo.

NESI: Hebu rudia.

KINYOZI: Umenisikia.

NESI: Mimi? Mimi sijui hata hilo dude linafunguliwa upande gani!

KINYOZI: Mafundi hawajaisha duniani. Mama amesema Jumapili uje ueleze mbele ya ukoo.

NESI: Umemwambia mama?

KINYOZI: Nili—

NESI: Kabla ya kuniuliza mimi, umekwenda kumwambia mama mkwe wangu kwamba mimi ni mwizi? Kaburi la mwanawe halijaota hata jani!

KINYOZI: Usinipigie kelele, shemeji, niko kazini.

NESI: Na mimi niko wodini, na wagonjwa wananitazama! Uko mbele ya hiyo kompyuta?

KINYOZI: Niko mbele yake.

NESI: Kasha la hiyo prosesa nilikupa. Ubavuni pameandikwa jina lake. Tafuta kwenye kioo cha kompyuta, uone kama ni lilelile.

KINYOZI: Ngoja... Linasema...

NESI: Simu imekatika?

KINYOZI: Ni lilelile. Hata namba yake.

NESI: Sema kwa sauti, wateja wako wasikie.

KINYOZI: Haijabadilishwa! Haya, haijabadilishwa. Lakini kore sita zimelala, shemeji! Kuna mahali pa kupanga inavyowaka, ngoja nipafungue... Hapa. Loo.

NESI: Loo nini?

KINYOZI: Kisanduku kimetiwa tiki. Idadi ya kore: mbili. Mtu amezifunga nyingine makusudi.

NESI: Basi na hilo nimelifanya mimi.

KINYOZI: Haifunguki bila nywila, na nywila alikuwa nayo kaka peke yake mpaka aliponipa akiwa kitandani anaumwa... Lakini haiwezekani! Kaka ajifunge miguu mwenyewe? Timu yake ya mtandaoni walimwita Konokono mwaka mzima, kwa kuganda hivihivi. Wakamtoa. Alikuwa nahodha wao, shemeji!

NESI: Mimi aliniambia mchezo umemchosha.

KINYOZI: Umchoshe kaka? Natoa hii tiki. Nazima, nawasha... Haya, inaamka. Kumi na moja wanaingia uwanjani. Ona! Ona wanavyokimbia! Shemeji, inateleza kama —

NESI: Ni nini hicho kinavuma?

KINYOZI: Wapi?

NESI: Hapo kwako. Zima hiyo mashine ya kunyolea.

KINYOZI: Hatunyoi. Ni feni ya kompyuta. Kore zote zikifanya kazi inapata moto, feni inavuma. Haloo? Shemeji?

NESI: Nipo. Ilikuwa inavuma hivyo, ilipokuja. Natoka zamu ya usiku, najilaza asubuhi, nashtuka. Chumba ni kimoja, meza imegusana na kitanda. Halafu siku moja ikanyamaza. Akaniambia ameisafisha vumbi.

KINYOZI: Vumbi? Nilipoifungua jana lilikuwa limejaa kama kinu cha unga.

NESI: Mjinga.

KINYOZI: Mimi?

NESI: Kaka yako! Alikuwa hana mdomo? Ningelala kwa dada! Ningeziba masikio kwa pamba, huku wodini pamba inamwagika! Mwaka mzima anaitwa Konokono, mimi nakoroma pembeni yake, yeye kimya! Nani alimtuma?

KINYOZI: Pole, shemeji —

NESI: Usiniite shemeji. Sasa hivi tu nilikuwa mwizi.

KINYOZI: Nimekosa. Nisamehe. Wateja wameipenda, lakini ukitaka nitairudisha leo leo —

NESI: Nikaifanyie nini? Nilikuwa nalala, unajua? Nalala kama gogo. Nikadhani ni uchovu.

KINYOZI: [sauti inakatika] ...salio... linaisha, she—

NESI: Basi kata! Lililobaki mpigie mama. Sasa hivi, si Jumapili. Mwambie sijauza kitu.

KINYOZI: Nampigia. Na hili la feni nimwambie?

NESI: La feni usimwambie mtu. Hilo niachie mimi.