Mguu wa Kulia wa Dada Yetu Jemimah

Mchungaji, wazee, na majirani wa Kikristo na wa Kiislamu mliokuja kumsindikiza, mimi ni Kinyua, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, pamoja na jambo moja ambalo wengine walitaka tulinyamazie.

Jemimah, bintiye Mzee Mbae, alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 huko Nkubu, Meru, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akajifunza ushonaji, na tarehe 6 Agosti 1952 akafunga ndoa na Bwana Kiragu, wakajaliwa watoto wanne, kisha mwaka 1964 wakahamia hapa Isiolo, ambako alishona sare za shule na nguo za maharusi kwenye baraza la duka lao.

Mwaka 1974 alianguka kutoka kwenye lori akirudi nyumbani kutoka Ngaremara, nyonga ya kulia ikaharibika polepole, hata akawa hawezi kupanda ngazi ya kanisa, na tarehe 22 Novemba 1983 akawekewa nyonga ya chuma katika hospitali moja ya Nairobi.

Maumivu yaliisha, lakini mguu haukuinuka, vidole vilikuwa vikiburuta chini, na cherehani ya kukanyaga ikamshinda. Daktari wa kwanza alisema ni dawa ya usingizi haijaisha, wa pili akasema ni uzee, naye alikuwa na miaka hamsini na miwili. Kila tulipouliza, yule aliyempasua alikuwa ametoka.

Hapo ndipo maneno ya mji yalipoingia, kwamba amerogwa, na kwamba aliyemroga ni Mumina, jirani yetu, kwa chai aliyompelekea asubuhi ya safari ya Nairobi. Jemimah aliamini, akakataa salamu zake zaidi ya mwaka mzima.

Mwezi wa Mei 1985, daktari wa mifupa mjini Meru alimpima, akatuuliza, "Nani aliwaambia ni uzee? Mshipa wa fahamu wa mguu ulivutwa wakati wa upasuaji. Hutokea hata kwa daktari mzuri, lakini mgonjwa huambiwa kabla." Dada yangu akajibu, "Mimi sikuambiwa, nikamchukia mtu bure."

Alimwita Mumina, wakakaa wawili mlango umefungwa, na waliyosemezana hatukuyauliza.

Mwezi uliopita ule mguu ulijikwaa mlangoni, akavunjika paja, kifua kikamshika, akafariki tarehe 9 Septemba 1986, Mumina akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru wauguzi wa Isiolo, yule daktari wa Meru, wanakwaya, washonaji wenzake, na Mumina aliyemwogesha hadi mwisho. Wale wa Nairobi tunawashukuru kwa nyonga. Kwa kunyamaza kwao hatuwashukuru, na bado hatujui kwa nini walituficha.

Pumzika kwa amani, dada. Kuuliza tuachie sisi.