Fundi Felisiani na Kizibo cha Pikipiki ya Majini

Baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, Fundi Felisiani Yohani anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Kitengo chetu cha uokoaji ziwani kinabaki bila mtu aliyeandaliwa kushika nafasi yake. Hilo tulilisema kwenye kikao, ingawa halikusaidia.

Alianza mwaka 1994 katika karakana yetu ya Mpanda, akitengeneza malori. Mwaka 2014 tulipoletewa pikipiki mbili za majini, zile za kuendesha umesimama, wengi tulizicheka. Yeye alizichunguza siku tatu bila kuziwasha. Akagundua kwamba pikipiki ikipinduka, ukiiinulia upande usiofaa, maji ya kwenye bomba la moshi yanarudi ndani ya injini. Akachora mshale mwekundu ubavuni kuonyesha upande wa kuinulia. Raba ya kifuniko cha injini aliipaka grisi kila Jumatatu, na mwendeshaji aliyetoka ziwani hakugusa chai kabla ya kufungua plagi za injini na kuyatoa maji yaliyoingia. Tukinung'unika alitujibu, "Nyie mnasikia injini tu. Mimi nasikia maji."

Tulimtania kwamba hata kikombe chake hukikagua kama kinavuja. Zamani alicheka nasi. Baada ya Aprili 2018 hakucheka tena.

Siku moja ya mwezi huo pikipiki moja ilikuwa ndiyo kwanza imefika ufukweni Ikola juu ya lori, ikitokea matengenezo Mpanda. Tukiwa safarini huwa tunafungua kizibo cha nyuma ili maji yaliyobaki tumboni mwake yajitoe njiani. Kabla hatujamaliza kuishusha, zikaja habari kwamba mtumbwi wa wauza mchele unazama. Pikipiki ikaingizwa majini haraka, bila kizibo. Haikufika nusu ya safari, ikajaa maji na kuzimika. Mwendeshaji wake, Zablon, alielea hadi wavuvi wakamtoa. Nyanzala, mmoja wa wauza mchele hao, mama wa watoto wanne kutoka Mamba, alikufa maji.

Felisiani aliandika katika taarifa kwamba kizibo alikisahau yeye. Hakupandishwa cheo tena. Kila msimu wa kuvuna mpunga alichukua likizo akaenda Mamba kuwasaidia wale watoto, na hakuna aliyemtuma.

Mwandishi wa wasifu huu aliombwa aandike mambo ya kufurahisha. Nimeshindwa. Kizibo kile nilikifungua mimi, nikakitia mfukoni, nikakikuta jioni nilipovua koti. Nilimweleza Felisiani kabla taarifa haijaandikwa. Akaniambia, "Benedikto, wewe una watoto wadogo. Nyamaza." Nikanyamaza miaka saba, na kila nilipomwamkia asubuhi niliona aibu.

Kaka Felisiani, sote tunakushukuru kwa kazi yako. Upumzike vizuri nyumbani Mwamkulu na mkeo, mama Generosa, na Mungu awape afya. Leo asubuhi nimempelekea mkuu wa kitengo barua ya kusahihisha ile taarifa, na jina lililomo ni langu.