Marehemu Hester Pockley na Msalaba Alioutia Kwenye Kamusi

Hester Maud Pockley, aliyeitwa Hester Blades kabla ya kuolewa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1934 katika mji wa Horncastle, Lincolnshire. Alikuwa mtoto wa pili wa Bwana Herbert Blades, mwuza nyama, na mkewe Bi. Edna. Kaka yetu Stanley alitutangulia mwaka 1989. Mimi Clifford, ninayewasomea wasifu huu, ni kitinda mimba.

Tangu utoto dada yetu alipenda maandishi kuliko chakula. Baba alimpa kazi ya kufunga nyama kwa magazeti ya zamani, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu hakuna gazeti lililotoka mkononi mwake kabla hajalisoma. Baba alikuwa akisema, "Hester, mama wa watu anangoja soseji zake." Naye akijibu bila kuinua kichwa, "Bado mistari miwili, Baba." Wateja walizoea, wakawa wanamuuliza habari za vita kabla ya kuuliza maini.

Mwaka 1945 alishinda mtihani wa kuingia sekondari ya wasichana hapohapo Horncastle. Mwaka 1952 alikwenda Nottingham kusomea lugha ya Kiingereza, akahitimu Julai 1955. Mama alilia kwa furaha. Baba aliuliza kama shahada hiyo inaliwa.

Tarehe 3 Septemba 1956 aliajiriwa katika ofisi ya kamusi kubwa mjini Lincoln, ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu. Kwa wasioijua kazi ile: watu wa kila mahali walisoma vitabu, wakinukuu kwenye kadi sentensi iliyochapwa, pamoja na tarehe na ukurasa. Kadi zilipangwa kwa neno katika vishubaka, na kutokana nazo karani aliandika neno lilivyozaliwa na lilivyotumika. Kulikuwa na sheria moja isiyopindishwa. Maana ambayo haijaonekana katika maandishi yaliyochapwa kwa miaka mia moja ilihesabiwa imekufa, ikatiwa msalaba mdogo pembeni.

Tarehe 14 Juni 1958 alifunga ndoa na Bwana Ernest Pockley, fundi wa ishara za reli, katika kanisa hili la Wamethodisti tulimo leo. Walijaliwa binti mmoja, Judith. Ernest alipenda kusema kwamba ameoa mke pamoja na herufi C aliyokabidhiwa ofisini, na herufi C ndiyo iliyopata upande mkubwa wa kitanda.

Sasa nifike pale ambapo dada yangu hakutoka tena. Mwaka 1960 alikabidhiwa neno *covetously*. Leo maana yake ni kwa tamaa, ile tamaa mbaya ya kukodolea macho cha mwenzio. Lakini kadi za zamani zilionyesha kwamba wazee wetu walilitumia pia kwa wema: mtu aliweza kuyasikiliza mahubiri hivyo, kwa hamu na moyo wote, asilaumiwe. Hester alitazama kadi zake, akaona maana hiyo njema inaishia mwaka 1652. Akaitia msalaba. Kamusi ilichapwa mwaka 1961.

Machi 1963, wakisafisha ofisi, alikuta kifurushi cha kadi arobaini na moja katika kishubaka cha neno linalofuata kwa karibu, *cow*, yaani ng'ombe. Mwandiko wa lebo ulikuwa wake mwenyewe. Binti wa mwuza nyama alikuwa amezitia kadi za tamaa kwa ng'ombe. Kadi ya mwisho ilikuwa ya mwaka 1887. Maana ile ilikuwa hai kabisa.

Alimpelekea mkuu wake, Dakta Lionel Strake. Dakta akazitazama, akamrudishia. "Bi. Pockley, maji yakimwagika hayazoleki. Kitabu kiko madukani. Utalirekebisha kosa katika toleo lijalo."

"Toleo lijalo ni lini, Dakta?"

"Miaka arobaini hivi."

Usiku huo hakula, Ernest ni shahidi. Aliniambia baadaye, "Cliff, nimezika kitu kizima." Nilicheka. Nilidhani anatania, na leo najilaumu kwa kicheko kile.

Alifanya kazi nyingine nyingi hadi alipostaafu mwaka 1994, akafundisha makarani wengi, baadhi yao wako hapa. Lakini ile kadi ya 1887 ilikuwa inazeeka. Kufikia toleo jipya, kadi zake arobaini na moja zingekuwa zimepita miaka mia, na hazingefaa kitu. Alihitaji sentensi moja tu mpya zaidi, iliyochapwa, yenye tarehe. Mara moja tu aliisikia. Ilikuwa Krismasi ya 1966, mezani, mama mkwe wake Bi. Adah alipokata mkate wa zabibu wa kuliwa na jibini na kusema kwamba ujana wake wote aliingoja kwaya ya Pasaka *covetously*. Hester aliweka kisu chini.

"Mama, neno hilo umelitoa wapi?"

"Kinywani mwangu, mwanangu. Kwani nimetukana?"

"Hapana, Mama. Umewahi kuliandika mahali, likachapwa?"

"Mimi? Mimi nafua mashuka ya watu. Kula, jibini linakauka."

Neno la mdomoni halikuhesabiwa. Bi. Adah alifariki mwaka 1978 akiwa hajaandika chochote zaidi ya orodha za kufulia.

Januari 2003 madaktari walithibitisha kwamba dada ana ugonjwa wa Parkinson. Mikono ilianza kutetemeka, kalamu ikamshinda. Ofisi ilitangaza kwamba toleo jipya litafungwa tarehe 30 Septemba 2006. Tuliazima masanduku manne ya majarida ya makanisa, yeye akisoma kitandani, mimi nikimwandikia kadi. Nilikuwa karani wa ovyo. "Cliff, bila tarehe hii ni karatasi tu," alikuwa akiniambia, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi. Kufikia Agosti 2006 hakuweza kufunua kurasa, ikabaki mimi peke yangu. Sanduku la kanisa hili letu nililiacha mwisho, kwa sababu nilidhani yaliyomo nayajua.

Tarehe 12 Oktoba, siku kumi na mbili baada ya toleo kufungwa, nililifungua. Jarida la Juni 1931, ukurasa wa saba. Mama mmoja aliyetaja jina lake kwa herufi mbili tu alieleza jinsi watoto walivyoungoja wimbo wa mavuno, na neno lilikuwa lile, kwa maana njema. Nilimwonyesha Hester.

"Tarehe?" alinong'ona.

"Juni 1931."

"Wapelekee."

Nilipanda basi hadi Lincoln siku hiyohiyo. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu. "Pole sana, mzee. Kurasa zimeshakwenda kwa mchapaji wiki iliyopita. Tutaitunza kadi hii kwa toleo lijalo." Nilimsihi. Nilimwambia mgonjwa ana siku chache. Aliipokea kadi kwa mikono miwili, naye hakuwa na uwezo wowote kama mimi.

Niliporudi, Hester aliniuliza, "Wamepokea?"

"Wamepokea."

"Msalaba wameutoa?"

Nilimvutia blanketi hadi mabegani. "Wameutoa, dada."

Alifumba macho, akatabasamu. Alifariki tarehe 17 Oktoba 2006, saa nne na robo asubuhi, nyumbani, Ernest akiwa amemshika mkono. Judith alipousoma wasifu huu kabla haujachapwa aliniambia, "Mjomba, hapo patoe." Sikupatoa. Hester hakuwahi kuficha kosa lake hata siku moja, nami siwezi kusimama juu ya jeneza lake nikaficha langu.

Marehemu ameacha mume, Bwana Ernest Pockley. Binti, Judith, na mkwe, Alan. Wajukuu wawili, Rowena na Giles. Na ndugu mmoja. Kamusi itatoka masika, na msalaba utakuwepo. Mungu ampumzishe dada yetu, na mimi anisamehe.