Mzee Leocadio Ashuka Ngazi ya Ubao wa Magoli

Tarehe 30 Juni 1989 Mzee Leocadio Barrientos anastaafu kazi ya kutundika namba kwenye ubao wa magoli wa Deportivo Argamea, baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi. Ameomba wasifu wake uwe mfupi. Kwa kweli angependa usiandikwe kabisa, lakini katibu wa klabu amenipa mimi kazi hii, kwa kuwa nakodisha mito ya kukalia chini kabisa ya ubao wake, na namba zake zimeniangukia mara mbili.

Aliingia uwanjani Septemba 1952 kwa wiki moja tu, kumshikia nafasi binamu yake aliyevunjika mguu. Mguu ulipona, lakini binamu alikuwa amekwisha kupata kazi ya kiwandani Barcelona, akaona baridi ya Argamea juu ya ngazi haina maana yoyote. Mzee Leocadio akabaki. Tangu siku hiyo hajakosa mechi ya nyumbani isipokuwa moja, ya siku aliyomzika mkewe.

Kwa wenzetu walioajiriwa juzi, kazi yenyewe iko hivi. Upande wa kushoto wa ubao kuna mechi yetu. Upande wa kulia kuna mechi nyingine zote za ligi kuu zinazochezwa saa ileile, kila moja na herufi yake, na chini ya herufi kuna misumari miwili ya kutundikia namba za bati. Ndani ya kibanda nyuma ya ubao kuna simu, kiti na jiko dogo la mkaa. Goli likifungwa Sevilla au Bilbao, mtu wa ubao wa kule anapiga simu, Mzee anapanda ngazi, na jukwaa zima linaacha kutafuna mbegu za alizeti ili lione anatundika nini.

Juu ya ubao huo kuna kiota cha korongo. Ndege hao hurudi kila mwaka karibu na sikukuu ya Mtakatifu Blas, mapema Februari, na uchafu wao unadondokea herufi A na herufi B. Mwenyekiti wa zamani aliwahi kuagiza kiota kitolewe. Mzee Leocadio alimjibu kwamba ngazi anayo yeye, na yeyote anayetaka kupanda aiombe kwa adabu. Hakuna aliyeiomba, na hao korongo wako palepale mpaka leo.

Kosa lake kubwa lilikuwa la mwaka 1961. Alisikia goli redioni, akalitundika. Chini jukwaani alikaa Saturio, muuza nyama, na mkeka wake wa kubashiri matokeo mkononi. Goli lile lilimkamilishia mechi zote kumi na nne. Saturio hakungoja kipenga cha mwisho. Alikwenda kufungua bucha, akatoa soseji zote, akalisha mtaa mzima na mvinyo juu yake. Redio ilikuwa imekosea. Kwa miaka miwili Mzee alikuwa akienda kununua nyama upande wa pili wa mto.

Baada ya hapo alijiwekea sharti. Hatundiki kitu mpaka azungumze na mtu aliyekitundika kule kwenyewe. Na watu wakizusha goli, yeye hupiga simu kuuliza. Akijibiwa kwamba si kweli, huishusha namba ya zamani, akaifuta kwa kitambaa, akaitundika upya ileile. Maana yake ni: nimeuliza, nimejibiwa. Wakongwe wa uwanja huu wanaijua ishara hiyo kama wanavyojua njia ya kwenda kwao.

Kati ya wote aliozungumza nao, mmoja lazima atajwe. Bibi Casilda Urrutxi alichukua ubao wa Atlético Salinde, kule pwani, mwaka 1966, mumewe alipofariki na kazi ikabaki bila mtu. Tangu hapo wawili hao wamepigiana simu kila Jumapili ya mechi bila kuonana hata mara moja. Marehemu Benita, mke wa Mzee, alikuwa akituambia sokoni, "Mume wangu ana mwanamke wa simu. Basi wanachoambiana ni magoli tu. Afadhali, wangekuwa wanaambiana mengine ningeshakata waya."

Hawakuambiana magoli tu. Mimi hupanda kwenye kibanda hicho kuota moto, na nimesikia mengi. "Casilda, huko kwenu leo mnacheza mpira au mnavua dagaa?" angeuliza Mzee tukiwa tunaongoza. Na sauti ya kule, ambayo haikuhitaji simu kuvuka milima, ingejibu, "Cheka tu, kaka. Mkija huku tutawatia manne, upande ngazi mpaka magoti yakuhame." Benita alipofariki, Bibi Casilda alipiga simu Jumapili iliyofuata, akampa magoli yote kama kawaida, kisha akakaa kwenye simu kimya mpaka Mzee alipoweza kupanda ngazi. Kule Salinde hawakujua kwa nini simu yao ya mwezi ule ilikuwa ghali.

Sasa nifike kwenye msimu huu uliokwisha, ambao hakuna Mwargamea atakayeusahau. Tuliuanza vibaya. Mpaka sikukuu ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba, tulikuwa hatujashinda mechi, leso nyeupe zilipepea kila Jumapili kumtaka kocha aondoke, na kocha akaondoka. Kocha mpya alikuja na kikohozi na maneno machache. Januari uwanja uliganda, tukacheza na kushinda kwa sababu wageni walikuwa wanateleza kuliko sisi. Machipuko yakatupata tunapanda taratibu, na ilipobaki Jumapili moja maji yalikuwa bado shingoni. Timu mbili zilikuwa zimekwisha kushuka daraja. Ya tatu ingekuwa sisi au Salinde.

Salinde walituzidi alama moja. Sisi tulikuwa nyumbani, wao nyumbani, saa ileile. Hesabu ilikuwa rahisi, hata mimi niliielewa. Tukishinda na wao wasishinde, tumepona. Tukitoka sare, tunapona iwapo tu wao wamefungwa, kwa kuwa tuliwashinda mechi zote mbili. Wote tukitoka sare, tunashuka sisi.

Kushuka si neno la magazeti tu. Klabu yetu ilikuwa imetutangazia kwamba tukishuka, nusu ya wafanyakazi wa uwanja wataachishwa, na wa mito walitajwa wa kwanza. Kule Salinde walikuwa wamemwambia Bibi Casilda kwamba wakishuka, kibanda chake kitafungwa. Ana miaka hamsini na mbili na mama yake kitandani, na mshahara ule ndio uliokuwa ukiwalisha wote wawili. Alimweleza Mzee wiki iliyotangulia, katikati ya goli la Bilbao na goli la Sevilla. Mzee akanieleza mimi, na sote tukaitazama ile simu tusijue tuombe nini.

Jumapili hiyo uwanja ulijaa mpaka kwenye ngazi. Wageni wetu walikuwa timu ya katikati ya msimamo, isiyo na la kupoteza, na timu za namna hiyo ndizo hatari. Walitangulia kufunga. Tukasawazisha baada ya mapumziko. Kwenye herufi F, ambayo ni Salinde tangu nilipoanza kazi, palikuwa sifuri kwa sifuri.

Zilikuwa zimebaki kama dakika kumi na tano redio moja ya mkononi ilipopiga kelele upande wa kaskazini kwamba Salinde wamefungwa. Habari ilizunguka jukwaa kabla sijageuka. Watu walikumbatiana. Uwanjani wachezaji wetu waliona, wakaelewa, na mpira ukaanza kurudishwa nyuma, kutoka kwa beki hadi kwa kipa na kutoka kwa kipa hadi kwa beki. Sare ilikuwa inatosha. Kocha, kwa kikohozi chake, aliinua mkono kuwatuliza.

Ubao tu ndio uliokuwa bado na sifuri. Ndipo watu walipoanza kumpigia Mzee miluzi. "Wee Leocadio, umelala huko? Tundika goli, babu!" Kisha wakaanza kurusha mito, na hiyo mito ni yangu. Nikapanda kibandani kumsihi atundike lolote kabla sijafilisika. Nilimkuta ameshika simu sikioni na namba moja mkononi, tayari.

Simu ilipokelewa. Sauti ya Bibi Casilda niliisikia nikiwa mlangoni.

"Si goli. Mshika kibendera ameinua, aliotea. Bado sifuri sifuri."

Nadhani wote watatu tulifikiri jambo moja. Angenyamaza tu yule mama, angeiacha simu ilie, watu wetu wangeendelea kurudishiana mpira mpaka mwisho, Salinde wangebaki ligi kuu na yeye angebaki na kazi yake. Hakuna ambaye angemlaumu. Hakuna ambaye angejua.

"Casilda," akasema Mzee, "unajua maana yake?"

"Najua. Mimi si mtoto. Hebu tundika, bwana. Redio huku inasema watu wako wamekaa kama wako sebuleni."

Mzee Leocadio akaweka chini namba moja. Akapanda. Mto mmoja ulimpata begani, mwingine ukapita juu na kuwastua korongo. Aliishusha sifuri ya herufi F, akaifuta kwa kitambaa taratibu kama mtu anayefuta sahani ya wageni, akaitundika palepale. Miluzi ikazidi. Lakini Belarmino, nahodha wetu, amecheza hapa miaka kumi na miwili na aliokota mipira hapa tangu utotoni. Aliutazama ubao, akashika kichwa, akaanza kuwafokea wenzake waende mbele. Lugha aliyotumia haifai kwenye jarida la klabu.

Tulifunga kwa kona, mpira ukiwa umegonga watu watatu, na mpaka leo wanabishana ulikuwa wa nani. Kipenga kilipolia, watu walimiminika uwanjani. Mimi nilikuwa bado kibandani. Simu ililia.

"Salinde sifuri, wageni sifuri. Mwisho," alisema Bibi Casilda kwa sauti yake ya kila Jumapili. "Na nyie?"

Mzee alisema, "Mbili moja." Bibi Casilda akasema, "Hongereni. Funga kibanda, kaka, ukanywe na watu wako." Mzee alifunga kibanda, lakini hakwenda kunywa. Alinisaidia kuokota mito mpaka giza lilipoingia, na alilia waziwazi, nami nikalia.

Kabla wiki haijaisha, Salinde walimwachisha kazi Bibi Casilda.

Kama ilivyo desturi, Mwenyekiti wetu, Bwana Evaristo Cuenllas, alimwita Mzee kumuuliza angependa nini siku ya kuagwa: nembo ya dhahabu ya klabu au saa. Mzee alisema saa anayo na koti lake halina pa kubandika dhahabu. Anataka nafasi yake apewe Casilda Urrutxi. Katibu, aliyekuwapo, anasema Mwenyekiti alishika paji la uso. "Leocadio, mwanamke wa Salinde kwenye ubao wetu? Wanachama watanila nyama." Mzee akamjibu, "Hao wanachama wamebaki ligi kuu kwa sababu yake. Waambie hivyo. Ukishindwa, nitawaambia mimi, na nitatumia maneno ya Belarmino."

Wanachama waliambiwa katika mkutano wa Alhamisi. Wengi walikuwa hawajui kilichotokea kwenye simu ile. Palitokea ubishi kidogo, kama kawaida yetu, na mzee mmoja wa jukwaa la kaskazini alitaka kujua kama huyo mama atawafukuza korongo. Alipohakikishiwa kwamba hatawagusa, akainua mkono wa kwanza. Saturio, muuza nyama, akainua wa pili.

Bibi Casilda aliwasili juzi kwa treni ya asubuhi, na mama yake kwenye kiti cha magurudumu, na kapu la samaki wa chumvi. Mzee alikwenda kuwapokea stesheni akiwa amevaa tai. Baada ya miaka ishirini na tatu ya kuzungumza, walisimama wakatazamana bila neno. Bibi Casilda ndiye aliyeanza. "Nilidhani wewe ni mrefu," alisema. Mzee akasema ngazi ndiyo ndefu, akachukua kapu.

Mzee Leocadio, kwa niaba ya wafanyakazi wote, wachezaji, ofisi, na sisi tuliobaki na kazi zetu, asante. Tunakuombea magoti mepesi, majira ya baridi mafupi, na marafiki wengi mezani. Msimu mpya ukianza Septemba, utakaa jukwaani kama watu wengine kwa mara ya kwanza. Mto wako utakuwa bure siku zote, ila ukiurusha utalipa. Na watu wakianza kupiga kelele za goli la mbali, wewe usisumbuke na redio. Tazama juu. Kama Casilda anafuta namba kwa kitambaa, basi ameshauliza, na ndivyo ilivyo.