Wimbo Unatoka Nyuma

Wakubwa wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi. Wageni wetu mliotoka Shelui na Kintinku kuja kukimbia nasi, karibuni sana, na poleni na upepo wetu. Najua supu imeshaiva, na kaka wa bodaboda pale mbele ananitazama kwa jicho la njaa. Lakini mmenitaka niseme, na mimi siku hizi nikianza kusema sijui kunyamaza. Hilo peke yake ni ushuhuda.

Nianze na swali lililoninyima usingizi karibu mwaka mzima. Nikisimama tena mbele ya watu, na sauti ikakataa tena, nitafanya nini?

Mnaweza kuliona dogo. Mimi nililala nalo, nikaamka nalo. Nilikuwa nalichambua kama mchele. Sauti ikikataa, watanicheka. Wasiponicheka, watanionea huruma. Wakinionea huruma, watasimuliana nyumbani kwao. Na mimi sikujua lipi baya zaidi, kuchekwa au kusimuliwa. Nikifika hapo ninaanza upya, labda kuna kitu nimeruka.

Chanzo chake ni hiki. Nilimaliza chuo, nikapata shahada ya maendeleo ya jamii. Chekeni tu, mimi mwenyewe huwa nacheka: mtu kasomea jamii, halafu anaiogopa. Nikaitwa kwenye usaili Dodoma. Nikaingia chumbani, nikakuta watu watatu nyuma ya meza. Mama mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Karibu, binti. Tueleze wewe ni nani."

Ndugu zangu, nawaambia, jina langu nilikuwa nalijua. Nilichokuwa natafuta ni pa kuanzia. Nianze na jina au nianze na salamu? Na kama ni salamu, iwe shikamoo au habari za asubuhi? Maana wawili walikuwa watu wazima, lakini wa tatu alikuwa kijana, huenda tumelingana. Nikiwaamkia wote, nitakuwa nimemzeesha. Nikiwabagua, nitakuwa nimemdharau. Nilipokuwa bado nachagua, chumba kikanyamaza, na kile kimya kikanikaba. Mama akaniuliza kama niko salama. Nikasimama, nikasema samahani, nikatoka. Nikapanda basi nikarudi Singida.

Nyumbani ni kwa mama yangu mdogo. Nilimweleza ukweli siku hiyo hiyo, naye hakunisema. Ila wiki zilivyopita alianza kuchoka. Kwaya nikaacha. Sokoni nikawa naenda jua likiwa kali, wakati watu ni wachache. Wageni wakija, nahamia uani kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Siku moja akanisimamia mlangoni, mkono kiunoni.

"Wewe mtoto, utaota mizizi kwenye hilo godoro."

"Nimechoka tu, mama mdogo."

"Umechoka nini, na hujafanya kitu? Kila Jumamosi wale wa jogging wanapita hapa wanaimba. Toka ukimbie nao. Ukirudi utakuwa umechoka kweli, na mimi nitakupa pole ya kweli."

Nikawaza. Nikienda nitakuwa wa mwisho, na wa mwisho ndiye anayetazamwa. Nikapata mpango niliouona wa akili sana. Nitafanya mazoezi peke yangu, kwa siri, mpaka niwe na pumzi. Nikiwa tayari, nitajiunga nao kama mtu aliyezoea. Nikachagua Jumamosi, ili mama mdogo adhani nimekwenda na kundi. Wao walizoea kupita upande wetu, kwa hiyo mimi nikaelekea upande wa ziwani, Singidani. Sikujua kwamba siku hiyo wamebadili njia ili wakamjulie hali mwenzao aliyekuwa mgonjwa.

Nikatoka kumeanza kupambazuka, na sketi ndefu na raba za zamani. Nilipokata kona ya kwanza nikawaona akina mama wanakuja na vitunguu vyao kichwani, wanakwenda sokoni. Wageni wetu, nyinyi mnajua. Binti aliyelelewa huku hawezi kuwapita watu wazima bila shikamoo. Na mimi nilitaka kuwaamkia. Ila pumzi ilikuwa imeisha, na niliona nikisimama kuamkia, sitaanza tena. Nikainua mkono, nikapita.

Nikasikia nyuma, "Huyu si mtoto wa pale kwa fulani? Mbona hasalimii?"

"Kafiwa huyo."

"Au anafukuzwa. Wewe binti, kuna nini?"

Nikapunga mkono, maana yake hakuna kitu, endeleeni. Wao wakaelewa njooni. Vikashushwa vitunguu pale pale barabarani. Nikasikia miguu nyuma yangu. Sasa mimi, kwa akili yangu hii, nikaona hawa wamekasirika kwa kuwa sikuwaamkia, wananifuata wanirudi. Nikaongeza mwendo. Walipoona nimeongeza, wakasema kumbe ni jambo kubwa, nao wakaongeza. Nilipogeuka kutazama, kina mama walikuwa wameongezeka, yuko na baba mmoja na jembe lake begani, na mbwa wa baba huyo.

Tukakimbia hivyo mpaka karibu na yale mawe makubwa, na hapo ndipo tukakutana nanyi uso kwa uso, mnakuja mnaimba. Mkasimama. Wimbo ukafa. Na kutoka nyuma kabisa ya kundi akaja mama mmoja mwenye mwili wake, anayeuza kuku wa kienyeji, anajifuta jasho kwa kanga. Simtaji jina, lakini naona mnamtazama.

"Mnakimbia nini?" akauliza.

"Tunamfuata huyu. Kafiwa."

"Umefiwa na nani, mwanangu?"

"Sijafiwa. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unafukuzwa?"

"Hapana."

"Sasa nini?"

"Nafanya mazoezi."

Mnakumbuka kile kicheko. Mbwa mwenyewe alibweka. Baba wa jembe akasema, "Mazoezi ya kimya kimya? Mimi nimeacha ng'ombe wangu wazi." Mama mmoja akashika kichwa, akasema vitunguu vyake viko barabarani, kisha akasema maneno marefu ya Kinyaturu ambayo sitayatafsiri hapa mbele ya wazee.

Ile ndiyo ilikuwa hofu yangu yote, imetimia hadharani: watu wanacheka, na mimi niko katikati. Nikangoja nife. Sikufa. Yule mama wa kuku akanishika bega.

"Mwanangu, huku kwetu anayekimbia na wimbo anafanya mazoezi. Anayekimbia bila wimbo ana shida. Wewe una wimbo?"

"Sina."

"Basi una shida. Shida yenyewe utaniambia ukipenda. Sasa geuka, twende tukaokote vitunguu vya watu."

Kundi zima likageuka. Tukaokota vitunguu, nikawaamkia wale akina mama mmoja mmoja, nao wakaitikia marahaba huku wanajikaza wasicheke. Kisha mkanichukua, tukaenda wote kumwona mgonjwa. Mgonjwa aliposimuliwa, alicheka mpaka mkewe akatuomba tutoke.

Tangu Jumamosi ile nikawa wenu. Kwa wageni wetu, niwaeleze jambo moja la kundi hili, kwa sababu ushuhuda wangu umekaa hapo. Kwenye vikundi vingi mpiga wimbo hukaa mbele. Sisi wetu hukaa nyuma kabisa, na mtu aliye wa mwisho. Anatupa wimbo, wa mbele wanaupokea. Wa mbele hawageuki nyuma kutazama, wanasikiliza tu. Wimbo ukianza kufifia, wanajua mkia umebaki mbali, wanageuka wote, wanaurudia, wanauzunguka, halafu safari inaendelea. Ndiyo maana hapa hakuna aliyewahi kuachwa.

Mpiga wimbo wetu ni huyo mama wa kuku. Na wa mwisho nilikuwa mimi. Kwa hiyo kila Jumamosi nilikimbia ubavuni kwake. Yeye anaita, "Wa nyuma yuko wapi?" Nyinyi mnajibu, "Yuko njiani." Anaita, "Tumngoje?" Mnajibu, "Tumfuate." Mimi nilikuwa nachezesha midomo tu. Alijua, hakusema. Wakati mwingine aliniuliza bei ya mchele katikati ya wimbo, nikajibu, na nikajikuta nimeongea na mtu huku nakimbia, bila kupanga neno.

Pumzi ikaja. Usingizi nao ukaanza kuja, kidogo kidogo, hasa usiku wa Jumamosi. Lakini sauti ya mbele za watu, hapana. Na lile swali lilikuwa bado lipo, kwa sababu nilikuwa nimeitwa kwenye usaili mwingine, Manyoni, na sikuwa nimemwambia mtu kama nitakwenda.

Ikafika Jumamosi moja ya upepo. Mama wa kuku alikuwa msibani. Mkasema mpiga wimbo siku hiyo atakuwa kaka wa bodaboda, lakini kaka miguu yake haijui kukaa nyuma. Alianza vizuri, tulipofika ziwani yuko mbele kabisa. Nyuma nikabaki mimi na baba mmoja, dereva wa lori, aliyekuwa na wiki ya pili tu. Daktari alikuwa amemwambia apunguze mwili kwa ajili ya presha.

Tukiwa kwenye ule mchanga wa kando ya maji, baba akapunguza. Kisha akashika magoti. Kisha akakaa juu ya jiwe, rangi ya uso wake siyo.

"Binti," akasema, "waite wenzako. Mimi sauti sina."

Ndugu zangu, nikatazama mbele. Mlikuwa mnakwenda mnaimba, migongo tu, na wimbo ulikuwa huko kwenu, kwa hiyo hamkuwa na namna ya kujua. Nikitaka kukimbia niwafikie, namwacha baba peke yake. Nikaanza yale yangu. Nipige kelele? Nikipiga kelele watadhani mtu kafa. Niite jina la nani? Nikiimba nikakosea? Baba akaninyooshea mkono, akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nikaona kwamba nikiendelea kuchagua neno zuri, huyu mtu atabaki na mimi na uchaguzi wangu.

Nikafungua kinywa. Sauti ya kwanza ilitoka kama ya jogoo anayejifunza. "Wa nyuma yuko wapi?"

Upepo ukaila. Nikajaza kifua, nikaita tena, kwa nguvu ambayo sikujua ninayo. "Wa nyuma yuko wapi?"

Nikaona migongo inasita. Kisha nikaona nyuso.

"Yuko njiani," mkajibu, na mkageuka wote. Nikaendelea kuita, na nyinyi mkaendelea kujibu na kuja, mpaka mkatuzunguka. Dada mmoja muuguzi akamlegezea baba vifungo, kaka wa bodaboda akakimbilia pikipiki yake. Baba akapelekwa hospitali, akapewa dawa, akapumzika. Leo yuko pale, amekaa karibu na sufuria, na ameniahidi hatakula mafuta. Tutaona.

Baada ya hapo nililia, lakini hilo si la kusimulia.

Niwashukuru sasa, kwa sababu mwisho wa habari yangu ni mfupi. Namshukuru mama yangu mdogo kwa kunifukuza godoroni. Nawashukuru akina mama wa vitunguu, ambao walimwona mtoto wa mtu anakimbia bila kusalimia, na badala ya kumlaani wakaacha mali yao njiani wamfuate. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Nilidhani natazamwa, kumbe naangaliwa, kama mtoto anavyoangaliwa na wazazi. Namshukuru baba wa lori kwa kunishika mkono. Nawashukuru nyote mliogeuka. Na mama wa kuku, wewe sijui nikushukuru vipi. Ulinipa nafasi ya kukaa karibu na wimbo muda mrefu, bila kunilazimisha kuimba.

Kama yupo hapa aliyebaki nyuma ya wenzake, kwa kazi, kwa ndoa, kwa afya, kwa lolote, namwambia neno moja tu. Usinyamaze. Walio mbele hawakukuacha kwa ubaya. Hawakusikii. Toa sauti, hata kama ni mbovu, maana hawageuzwi na uzuri wa wimbo.

Usiku ule, baada ya baba kupelekwa hospitali, nilimwambia mama mdogo kwamba nitakwenda Manyoni. Akaanza kunipigia pasi gauni. Na wiki iliyopita nilikwenda kweli. Majibu hayajatoka, na sijui yatakuwaje. Nimelala vizuri hata hivyo.

Nilipoingia chumbani, mezani walikuwa wamekaa wazee wawili na kijana mmoja, kama vile mtu kanipangia. Mzee mmoja akaniambia, "Karibu. Tueleze wewe ni nani." Kile kimya kikaja, nikakitambua. Nikajaza kifua kama mtu aliye kando ya ziwa na upepo unamjia usoni.

"Shikamooni," nikasema, kwa wote.

Kijana akacheka, akaitikia marahaba. Nami nikataja jina langu.