Po-hsun na Pengo Aliloliziba

Jongeeni, ndugu, jamaa na majirani, mlio nje chini ya turubai sogeeni mlangoni, wenye watoto wabembelezeni, tupeane utulivu tumsome mpendwa wetu, maana yeye hawezi tena kujisemea.

Marehemu Tseng Po-hsun alizaliwa tarehe 9 Novemba 1986, mjini Zhudong, wilaya ya Hsinchu, mtoto pekee wa Bwana Tseng Jin-fa, mkaushaji wa tambi za mchele, na Bi Fan Chun-mei, aliyetutoka mwaka 1995, Po-hsun akiwa darasa la tatu. Mkesha wa mwaka mpya uliofuata, meza ya mviringo ilipoandaliwa, baba yake mdogo, A-tien, alisogea kuziba pengo, wengine nao wakasogea, na bibi yake akaweka bakuli chini akasema, "Rudini mlipokuwa. Nikiita wa kando ya mlango, aitike yule yule. Kiti cha Chun-mei kibaki hivyo hivyo."

Alisoma shule za Zhudong, akahitimu elimu ya kompyuta mjini Tainan Juni 2009, akatumikia jeshi, na tarehe 4 Oktoba 2010 akaajiriwa na kampuni moja ya Hsinchu. Kazi yake alimweleza bibi yake kwa kupanga njugu mezani, kwamba kuna kompyuta zisizoshikika kwa mkono, nyingi zinaishi ndani ya sanduku moja, kila moja na diski zake na kadi zake za mtandao, na programu aliyoitunza ndiyo inayokipa kila kifaa anwani, ili kompyuta ikiamka ijue pa kukiita. A-tien akamtania kwamba amesoma mpaka macho yameingia ndani, kumbe kazi yenyewe ni kupangia watu viti, naye akajibu, "Ndiyo hiyo, Baba mdogo, na wewe ningekuweka nje."

Tarehe 18 Mei 2014 alifunga ndoa na Yeh Man-ling, muuguzi, wakajaliwa binti, Yu-an, tarehe 3 Februari 2017.

Po-hsun alipenda unadhifu, hata zile pakiti za kijani za vitafunio ambazo mafundi wa kwetu huziweka juu ya mashine, kwa imani kwamba zitatulia zisiharibike, alizipanga mstari mmoja, na kwa unadhifu huohuo akaandika katika programu yake kwamba kifaa kikiondolewa, vilivyo nyuma yake visogee mbele, pasibaki pengo. Agosti 2022, zahanati moja iliyotumia programu hiyo ikaondoa kadi isiyotumika, kompyuta ilipowashwa upya diski zikawa zimesogea, na programu ya usafi, iliyoagizwa kufuta diski tupu ya anwani fulani, ikaenda anwani ileile na kufuta picha za vifua vya wagonjwa. Siku hiyo alirudi Zhudong, akakaa kando ya kiti cha mama yake, akasema, "Bibi, nimewasogeza."

Akaanza kurekebisha, anwani ikishatolewa isiguswe tena, na pengo likibaki libaki, lakini Januari 2023 madaktari wakakuta saratani ya ini, imekwisha kuenea. Akawa anafanya kazi kitandani, vidole vimevimba, kwa kuwa mashine za wateja wengine bado zilikuwa na kosa lile, na Man-ling alipomnyang'anya kompyuta alimsihi kama mtoto, "Mama Yu-an, nirudishie. Kuna zitakazowashwa kesho, hazijui kwamba vitu vyake vimehama." Akamrudishia, huku analia. Alituma kazi yake ya mwisho asubuhi ya tarehe 14 Machi 2023, akauliza majibu, akauliza tena, na saa nane mchana akakata roho bila kujibiwa.

Jioni, mkuu wake wa kazi, Lo Chia-wen, alifika hospitalini anakimbia, akainama sikioni mwake. "Hsun, imepita. Tumeondoa kadi, tukawasha upya. Diski zote zipo palepale."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia uji, na wafanyakazi wenzake walioketi nasi hadi leo.

Nyumba ni ya Man-ling. Baiskeli ni ya Yu-an akikua. Kazi ya anwani amepokea Chia-wen, na A-tien amepewa saa. Kiti cha Po-hsun mezani, cha pili kutoka mlangoni, hakuna aliyerithi, wala hakuna atakayesogea.

Lala, Po-hsun, upumue sasa. Tukikuita mezani, tutaita palepale.